Ukuta wa Nyuma

Ufa ulianza na upana wa unywele,
mwezi wa tisa, mvua ya kwanza Kadutu.
Mwezi wa kumi na moja uliingia kidole.
Siku ya Noeli nikaujaribu kwa ufunguo wa kabati,
ukaniponyoka, ukatumbukia ndani,
na vitenge vyangu vya kanisani vikabaki kifungoni.

Nikaita mafundi.

Wa kwanza alikuja kwa pikipiki,
Murhula, kalamu sikioni, mita kiunoni,
simu imejaa majumba ya Muhumba,
ghorofa zenye vioo vya buluu.
"Yote hii mikono yangu, Mama."
Nikaivuta picha kwa vidole viwili:
katika kioo kimoja alionekana aliyeipiga,
mwanamke mwenye mwavuli, mpita njia.
"Dola mia tisa. Nusu leo."
Pikipiki hata hakuizima.

Wa pili, shemeji. Ntakwinja, mdogo wa marehemu.
Huyo haandiki devi; devi yake ni ukoo.
Alikula bugali na sambaza, akasifu pilipili,
akaugonga ukuta polepole
kama mtu aliyekuja kukopa.
"Kaka alijenga, akajenga kweli.
Plasta tu, shemeji. Sima mifuko miwili, rangi, basi."
Aliposema *kaka* nilitamani kumwamini.
Bei yake: chakula cha mchana siku kumi,
na baada ya hapo deni lisilo na tarakimu.

Wa tatu alishuka kwa miguu toka Bagira,
Zihalirwa, mzee kidogo, buti la kushoto jeusi,
la kulia la kijani.
Ufa hakuutazama.
Aliuliza choo kiko wapi.
Aliuliza maji ya jirani wa juu hupitia wapi,
akapanda huko, akakaa mpaka chai ikapoa,
akarudi na tope magotini.
Ndipo akachokoa udongo kwenye ufa,
akausugua kwa dole gumba,
ukamwagika kama unga wa muhogo.

"Nani alijenga?"
"Mume wangu."
Akanyamaza. Kisha:
"Alikuwa na haraka, au hakuwa na pesa?"

Miaka kumi na moja hakuna aliyeniuliza.
Mwenye nyumba wa Panzi alikuwa ametutolea vyungu nje.
Mume wangu alichanganya usiku, mfuko mmoja badala ya mitatu,
na mimi nilimshikia taa.
Mimi ndiye niliyesema: fanya upesi, mvua hiyo.

"Vyote viwili," nikamjibu.

Akaandika nyuma ya karatasi ya dawa:
mtaro kwanza. Ukuta kuvunjwa. Mawe, si matofali.
Elfu moja na mia tatu, kwa awamu nne,
na chini kabisa, amepigia mstari:
*uongee na jirani wa juu, ukuta wako unaanzia kwake.*

Nilihesabu likelemba mara tatu,
kana kwamba noti huzaana zikiguswa.
Nilimsikia mama yangu, kaburini huko Walungu,
akisema rahisi hurudi nyumbani na mwenzake.
Lakini si methali iliyoniamulia.
Ni lile swali.

Shemeji aliposikia, aliwaka.
"Mgeni avunje ukuta wa kaka?"
Nikasema, basi uvunje wewe. Mgeni ajenge.

Alikuja Jumatatu na nyundo ya kuazima,
amevaa shati la kaka yake.
Pigo la kwanza, vumbi.
La pili, tofali zima likatoka safi,
bila kung'ang'ania chochote.
Akaligeuza mkononi, upande huu, upande ule.
Akaomba maji ya kunywa.
Hakusema neno mpaka jioni,
na mimi sikumwambia habari za taa.

Siku ya tatu walinipa ufunguo, umeota kutu.
Niliuweka dirishani.
Kabati nilikwisha livunja tangu Januari.